Nafasi ya Mzee Mmoja

Nianze na utani, maana asiyeujua hatanielewa. Mimi ni Msambaa wa upande wa Mlalo. Huyu nitakayemsimulia alikuwa Mzigua wa Handeni, kule chini kwenye joto. Makabila yetu ni watani. Inasemekana mababu walipigana mpaka wakachoka, wakaona afadhali wajukuu watukanane kuliko kuchinjana. Mtani anakuvua kofia mbele za watu, anadokoa nyama kwenye sahani yako, anamwambia mama mkwe wako kwamba wewe ni mwizi wa mbuzi, na huruhusiwi kukasirika. Ukikasirika umeonyesha ushamba. Na ukifiwa, mtani ana kazi yake maalumu. Anavaa nguo za marehemu, anatembea kama marehemu, anaziba mlango jeneza lisitoke mpaka apewe chochote, na wafiwa wanajikuta wanacheka huku kamasi zikiwatoka. Nimewaona watu waliotaka kujirusha kaburini wakishika mbavu. Mimi bado naamini ni desturi nzuri, ingawa ndiyo iliyotuumbua.

Kambi yetu ilikuwa juu ya Lukozi, ndani kabisa ya shamba la miti ya misindano, mahali ambapo pikipiki zinaishia na mtu anaendelea kwa miguu. Mashine ya kupasulia mbao ilibaki chini barabarani kwa sababu ya mteremko, kwa hiyo huko juu tulipasua kwa mkono. Gogo linapandishwa kwenye jukwaa la miti. Mmoja anasimama juu ya gogo, mwenzake anasimama chini yake, na msumeno mrefu uko kati yao. Wa juu anafuata mstari mweusi uliopigwa kwa uzi uliopakwa unga wa betri kuukuu. Wa chini mstari haoni. Anavuta tu, anamwamini wa juu, na vumbi la mbao linammwagikia usoni kutwa nzima. Watu wasiopatana hawawezi kazi hiyo. Ubao unatoka mnene huku na mwembamba kule, na tajiri anaukataa. Ndiyo maana msimamizi wetu, mzee mmoja mkali mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake, alikuwa na kanuni zake za kupanga watu.

"Wewe Msambaa, chukua huyo Mzigua," aliniambia siku mgeni alipofika. "Watani hawanuniani. Sitaki watu wa kununa kwenye msumeno wangu."

Mgeni mwenyewe alikuwa amevaa shati la mikono mifupi na kandambili, kwenye baridi ile, anatetemeka kama kifaranga aliyenyeshewa. Nilimhurumia, nikaenda kumtolea koti langu la pili. Kabla sijampa akaniangalia kuanzia kichwani mpaka miguuni, akaniita kama wanavyoitwa wanaume wa kwetu.

"Mgosi, ni kweli kwamba ninyi mguu mmoja mfupi, kwa kutembea ubavuni mwa mlima tangu utotoni?"

"Kweli kabisa," nikamjibu. "Na ninyi ni kweli mkiona ukungu mnakimbilia ndoo mkidhani nyumba inaungua?"

Kambi nzima ilicheka. Koti alilinyakua mkononi mwangu bila kusema asante, kiutani, na hakulirudisha tena.

Nimejaribu mara nyingi kukumbuka jambo lenyewe lilianza lini, nikashindwa. Ukipasua na mtu mmoja kutwa nzima, pumzi zenu zinaanza kwenda pamoja bila kupenda. Unajua amechoka kabla yeye hajajua. Unajua leo amekumbuka kwao, maana msumeno unarudi taratibu. Halafu kulikuwa na suala la macho. Kila mchana wa chini anatoka kwenye jukwaa akiwa mwekundu macho, na wa juu anamtoa vumbi kwa ncha ya shati. Kila msumeno ulifanya hivyo, ilikuwa sehemu ya kazi kama kunoa meno ya msumeno. Lakini mimi mkono wangu ulikuwa unakaa pale shavuni kuliko kazi ilivyotaka, na yeye alikuwa haondoi uso.

"Taratibu, mke wangu!" alikuwa anapiga kelele wote wasikie. "Jicho hilo sina spea!"

Watu wanacheka. Mimi namjibu kwamba kama anataka mke mwenye mikono laini akaoe mjini, na hao wenzetu wanauliza pilau la harusi litaliwa lini. Alisema mambo ya ajabu mbele ya kila mtu, na hakuna aliyesikia kitu, kwa sababu yamesemwa na mtani. Nikiwaza sasa naona tulilewa na usalama ule. Tulidhani hautaisha.

Siku za Ijumaa kambi ilihama. Waislamu tulishuka Lukozi kuswali, na wasio Waislamu walishuka kununua tumbaku na kuangalia watu, maana kule juu tulikuwa wanaume peke yetu na mtu unachoka kuona ndevu. Lazima mmoja abaki kulinda misumeno. Ijumaa moja ilikuwa zamu yangu, na yeye akasema mguu unamuuma. Walipokwisha kupotea kwenye miti akaja akakaa kwenye gogo karibu nami. Nilimsubiri anitukane. Hakunitukana.

"Leo sitanii," akasema.

Nilielewa. Nilikuwa nimeelewa tangu nikiwa kijana, na kwa muda huohuo nikijifanya sijaelewa. Nikamwambia na mimi sitanii. Yaliyofuata ni yetu. Ninachotaka kukiandika, kwa sababu sijawahi kukisema mahali popote, ni kwamba nilimpenda. Nilimpenda mtu huyo kuliko nilivyowahi kupenda kitu chochote, na nilikuwa na hofu kila saa ya mapenzi hayo.

Hofu yenyewe haikuwa ya kubuni. Sheria ya nchi ina jela ndefu kwa watu kama sisi, na kabla ya kufika kwa sheria kuna marungu ya watu. Yeye alikuwa na mke na mtoto kule Handeni. Alimsema mke wake kwa wema siku zote, na mimi nilikuwa namwonea wivu mwanamke nisiyemjua, kisha najionea aibu kwa wivu huo. Hatukuwa na mpango wowote. Kitu pekee tulichokitaka ni kuendelea kushika ncha mbili za msumeno mmoja, na tulijua kinaweza kuondoka siku yoyote.

Jioni moja tukila ugali na kabichi, mpasuaji mmoja aliyelala turubai la jirani na letu, mtu mcheshi asiye na roho mbaya, akaleta habari za kambi moja ya upande wa pili. Wanaume wawili walikutwa pamoja. Walipigwa kwa mabapa ya mapanga, wakashushwa barabarani bila viatu. Alisimulia kama anavyosimulia mechi ya mpira. Watu walicheka, na mtani wangu alicheka kuliko wote. Akasimama, akaigiza jinsi mtu wa tambarare anavyokimbia mteremko bila viatu, wakagaragara kwa kicheko. Mimi nilimega tonge, nikalirudisha sahanini.

Kesho yake nilivuta msumeno kwa hasira mpaka akasema kutoka chini, "Mgosi, unapinda."

"Nyamaza."

"Unapinda mstari, nausikia."

"Ulicheka," nikamwambia. "Ulicheka kuliko wote."

Akaacha kuvuta. Sikumwona uso, nilikuwa juu ya gogo na yeye yuko chini yake.

"Ulitaka nifanyeje? Nilie? Yule asiyecheka ndiye anayeangaliwa. Jana waliangalia nani? Waliangalia wewe."

Alisema kweli, na mimi mtu akisema kweli nikiwa na hasira namchukia maradufu. Nilimnunia siku kadhaa, mpaka msimamizi akauliza watani gani hawa wanaokaa kama wake wenza. Hapo nikaogopa, nikarudia kumtukana kama kawaida, na kambi ikatulia.

Kwa watu wengine mimi si msemaji wa mambo ya kwetu. Kwake nilikuwa bomba lililopasuka. Tulilala wawili wawili kila msumeno na turubai lake, na baridi ya kule ilifanya kugawana blanketi kusiwe habari kwa mtu yeyote, kwa hiyo tulikuwa na muda wa kuzungumza. Nilimsimulia zaidi habari za baba. Baba alikuwa mkulima wa kabichi na maharage, mgumu kama jiwe la kunolea. Hakuingia mahali bila kukohoa kwanza. Kila asubuhi aligonga mabuti ya mvua kwenye kizingiti, moja baada ya jingine, akimfokea mdudu ambaye sijawahi kumwona akitoka: "Toka kama umo!" Akipewa chai aliangalia kikombe kwa masikitiko, akauliza, "Hii mmepika au mmeoshea sufuria?" Mkewe alimwita mama fulani, kwa jina la kaka yangu, basi; hatukuwahi kusikia neno tamu mdomoni mwake.

Isipokuwa lile moja. Chumba chetu watoto kilitenganishwa na chao kwa mbao tu. Alikuwa akienda kulala anasimama mlangoni kwa mama, anasema kwa sauti ambayo mchana hakuwa nayo kabisa, "Mchumba, ipo nafasi ya mzee mmoja?" Na mama anamjibu, "Ipo, akinawa miguu." Walianza kuambiana hivyo wakiwa bado vijana, kabla hajawa mzee, na wakaendelea mpaka akawa mzee kweli. Hatukuwahi kulitaja neno hilo nyumbani, hata kaka yangu na mimi hatukulitaja kati yetu. Lilikuwa la kwao.

Mimi nilimpa mtani wangu neno hilo. Alicheka, halafu akaniambia nirudie. Tangu hapo kila akiingia kwenye turubai alikuwa anainua pembe yake, anainama, anasema taratibu, "Mchumba, ipo nafasi ya mzee mmoja?" Mimi najibu, "Ipo, akinawa miguu." Na alikuwa kweli ametoka kunawa, kwenye kijito ambacho maji yake wenyeji wenyewe tuliyaogopa, kisha ananiwekea hiyo miguu ya barafu kwenye miguu yangu. Nilimtukana sana kwa hilo. Ningetoa mengi kutukana tena hivyo.

Baba alifariki msimu wa baridi. Kaka alinipigia asubuhi, nikashuka nusu nikikimbia. Kambi ikatuma watu watatu waiwakilishe vizuri: msimamizi, yule jirani wa turubai, na mtani wangu. Walifika nyumbani mwili umeshaoshwa na kukafiniwa, wanaume wako uani, mama yuko ndani na wanawake. Mtani wangu aliniinamia kunipa mkono wa pole mbele za watu, na nilishika mkono ule kwa muda uleule niliowashikia wengine. Najua kwa sababu nilijipima.

Hapo wazee wakaanza kuulizana. Hakuna mtani hapa? Mzee huyu azikwe kimyakimya kama kuku? Mzigua mmoja mwenye duka kule Mlalo, aliyezoea kazi hiyo, alikuwa amesafiri. Kaka yangu akageuka.

"Si una Mzigua hapa? Rafiki yako huyu."

Yeye akaniangalia, kuuliza. Nikamwitikia kwa kichwa. Nilitaka afanye. Nilikuwa sijalia tangu asubuhi, na nilijua hakuna mtu duniani anayeweza kunichekesha siku hiyo ila yeye.

Alivaa koti la baba lililokuwa limetundikwa. Akachukua mabuti kibarazani. Akakohoa. Nakuambia, watu wote waligeuka, maana kikohozi kile kilikuwa cha marehemu mwenyewe. Akagonga buti la kwanza kizingitini, akagonga la pili. "Toka kama umo!" Ua ulilipuka kwa kicheko. Shangazi zangu walitoka mlangoni kuona. Akaomba chai, akaletewa kikombe, akakiangalia kwa masikitiko marefu. "Hii mmepika au mmeoshea sufuria?" Mjomba wangu mmoja alikaa chini kwa kucheka. Na mimi nilicheka, halafu nikalia, nikalia kweli, na ilikuwa nafuu kubwa.

"Huyu kamjulia wapi mzee?" bibi mmoja akauliza.

"Mtani hafichwi kitu," mwingine akamjibu.

Ilikuwa jibu la kutosha, na angeishia hapo tungepona. Lakini mtani mzuri akishaona watu wamewaka hawezi kuacha, na kazi ilikuwa haijakamilika mpaka azibe mlango. Akaingia ndani. Jeneza lilikuwa sebuleni, na nyuma yake mlango wa chumba cha mama, pazia limeshushwa, wanawake wamejaa. Alisimama kwenye fremu ya mlango huo, akaegemea kwa bega, na sauti ikashuka. Haikuwa tena sauti ya baba. Ilikuwa sauti ya kwenye turubai.

"Mchumba," akasema, "ipo nafasi ya mzee mmoja?"

Watu walicheka kuliko mwanzo. Wanawake waliokuwa ndani walipiga vigelegele. Lakini mama yangu, ambaye tangu asubuhi alikuwa analia bila kukoma, alinyamaza ghafla.

Na mtani wangu naye akajua. Nilimwona rangi ikimtoka. Jambo hilo lina jibu, na tulikuwa tumelizoea jibu lake, kwa hiyo badala ya kuangalia pazia aligeuza kichwa akaniangalia mimi, akisubiri. Midomo yangu ilikuwa imeshafunguka. Sikutoa sauti, Mungu alinisaidia, lakini ilikuwa imefunguka, na kaka yangu alikuwa amesimama mbele yangu akiitazama. Mjomba akachomeka noti kwenye mfuko wa koti la baba, mtani akatoka mlangoni, na tukambeba mzee kwenda kumzika.

Wanasema mzaha mzaha hutumbua usaha. Baada ya mazishi tulikaa uani kula. Kaka alikuwa anapita na birika akiwanawisha wageni mikono, na alipofika kwa watu wa kambi, yule jirani wa turubai alikuwa anaongea kwa furaha, akisifia kazi ya mwenzake.

"Kumbe ile ya nafasi ya mzee mmoja ni ya marehemu!" akasema. "Mimi naisikiaga kwenye turubai lao kila siku, huyu anauliza, huyu anajibu. Nikadhani wameitunga wenyewe."

Hakuwa na nia mbaya. Hakujua hata alichosema, mpaka alipoona msimamizi ameacha kula. Kaka aliendelea kummwagia maji mtu ambaye mikono yake ilikuwa imeshatakata.

Jioni kaka alinipeleka mwisho wa shamba, kwenye matuta ya maharage. Ni mkubwa wangu sana, sijawahi kumwita jina.

"Sikuulizi," akasema. "Nikikuuliza utanijibu, na ukinijibu nitalazimika kufanya kitu. Kwa hiyo sikuulizi. Ila huyo mtu asikanyage tena hapa."

"Sawa, kaka."

Mama nilimkuta amekaa eda, amevaa nguo nyeupe, kwenye chumba kilekile. Shikamoo yangu aliipokea bila kuniangalia. Nilikaa kwenye mkeka. Alikuwa amefumba macho, nikadhani amesinzia.

"Maneno ya chumbani kwangu umempa nani?"

Nilivuta ukindu mmoja uliochomoza kwenye mkeka.

"Dada yangu wa tumbo moja sikumwambia hayo. Mtu haambiwi maneno kama yale ila na..." Akaishia hapo. Akavuta kanga mabegani. "Nenda kale," akasema, ingawa alijua nimeshakula.

Niliporudi kambini kicheko kilikuwa kimebadilika. Mtani wangu akitania, watu walikuwa wanaangaliana kwanza ndipo wanacheka. "Mke wangu" hakuthubutu tena kuisema. Jirani yetu wa turubai aliona aibu kwa aliyoyafungua, akahamisha turubai lake, na hilo lenyewe likazidisha maneno. Siku chache baadaye msimamizi akaniita pembeni, akaniambia kuanzia kesho nitapasua na mtu mwingine.

"Kuna tatizo gani na mbao zetu?" nikamuuliza. Hasira zilinipanda, na nilikuwa tayari nigombane naye. "Mbao zetu ndizo zilizonyooka kuliko zote hapa."

"Najua," akasema. "Mimi nimekuwa kwenye misitu hii muda mrefu, kijana. Nakutenganisha mimi leo kwa mdomo. Usisubiri wakutenganishe wao."

Sikumshukuru. Leo naona labda alistahili, lakini shukrani bado haijanitoka. Nilipasua na mtu mwingine, na kwenye jukwaa la pili nilikuwa namwona yeye akitoka chini ya gogo la mwingine, anajifuta macho mwenyewe kwa kiganja kichafu, na mwenzake ameshaenda kula. Nilikuwa natamani kuruka kule. Nilikaa nikanoa msumeno usiohitaji kunolewa.

Halafu asubuhi moja tulikutana kwenye njia ya kijito, watu mbele na watu nyuma. Nilimsubiri anitukane mguu wangu mfupi. Hata tusi dogo lingenitosha. Akasimama pembeni kunipisha, akaweka mkono kifuani.

"Habari za asubuhi, ndugu," akasema.

Mtani hakusalimii hivyo. Hivyo husalimiwa mgeni, au mtu ambaye utani naye umeisha. Nilielewa kwamba ananilinda. Anawaonyesha wote kwamba kati yetu hakuna kitu, hata kile kinachoruhusiwa. Nikamjibu, "Nzuri, ndugu," na nikapita. Nimepigwa na gogo mara mbili katika maisha yangu. Hakuna lililoniumiza kama salamu ile.

Aliondoka kabla ya mwisho wa mwezi. Sikuagwa. Niliambiwa tu amepanda gari la kwenda chini, na kwamba alikuwa amevaa koti langu, ingawa siku hiyo kulikuwa na jua. Simu yake iliita kwa muda bila kupokelewa, baadaye ikawa haipatikani, baadaye akapokea mtu wa Singida aliyeuziwa laini hiyo, mwenye adabu sana, ambaye nilimpigia tena mara kadhaa nikijifanya nimekosea. Sijui kama yu hai.

Mbao niliacha. Nalima karoti na kabichi kwenye matuta ya baba, sijaoa, na watu wameshachoka kuniuliza. Kaka naye amezeeka, tunaongea mambo ya mbolea. Kwa muda mrefu sana mama hakuligusa jambo lile hata kwa pembeni. Nilishazoea kwamba tutakufa nalo hivyo.

Kisha siku moja tumekaa tunapukuchua maharage, akasema bila kuinua kichwa, "Mtani wako hajambo?"

Mikono ilisimama. "Hajambo, mama," nikasema. Ningesema nini? Ningesema kwamba walichokuwa wanakiogopa kimeshakwisha, kimekwisha zamani?

"Msalimie."

Tangu hapo kila mara ana neno la kumpelekea. Mwambie mtani mimi nikicheka nafunika mdomo na kanga, tangu jino la mbele liliponitoka. Mwambie mimi nagombana na kuku kwa Kisambaa, na kwa Kiswahili nagombana na watu. Mwambie nikipanda mlima naimba, nisikike sichoki. Mwanzoni nilidhani ni uzee. Ilinichukua muda kuelewa kwamba anamfundisha. Anamfundisha alivyo, ili siku ikifika amwigize vizuri, asikosee tena.

Juzi alikuwa amechoka, hapumui vizuri, lakini alikataa kuacha ungo.

"Siku yangu aje," akasema. "Kaka yako nimeshamwambia, hatasema kitu."

"Mama, usiseme hivyo."

"Asimame pale pale aliposimama kwa baba yako." Alipukuchua ganda moja, akaangalia kama maharage yake yana funza, akayatupia kwenye ungo. "Kwa sababu siku ile aliuliza, hakujibiwa. Ilinikaa moyoni. Mtu akiuliza vile anajibiwa. Wewe mwambie ipo nafasi. Anawe miguu tu."

Nilitafuta uso wa kumwonyesha, nikaukosa.

"Nitamwambia, mama," nikasema, nikachukua ungo nikatoka nao uani, nikasimama nikipepeta maharage ambayo yalikuwa yameshapepetwa.